Ukimfundisha, Ataondoka?

Leo nakupeleka Guangzhou, kusini mwa China, mji ambao wafanyabiashara wa masoko ya Kariakoo, Gikomba na Kikuubo wanaujua kuliko mikoa mingine ya nchi zao. Mzigo wanunue wenyewe. Sisi tuangalie watu wanavyoajiriwa.

Tuanzie wilaya ya Haizhu, kwenye kitongoji cha Kangle, jirani na soko kubwa la vitambaa la Zhongda. Vichochoro vya pale ni vyembamba, ghorofa zimebanana, na karibu kila chumba kina cherehani. Wenye vikarakana husimama kando ya barabara wakitafuta mafundi. Huyu ameinua blauzi kwenye hanga, yule ana suruali mkononi, na karatasi imebandikwa kuonyesha bei ya kushona kipande kimoja. Fundi anapita, anaishika ile blauzi, anaigeuza ndani nje, anakagua pindo na kola, anapiga hesabu kichwani: hii itanichukua dakika ngapi, na mpaka jioni nitakuwa nimetoa vipande vingapi? Bei ikimridhisha, anamfuata mwenye kazi. Oda ikiisha wanalipana, kila mtu anashika njia yake. Wengi wa mafundi hao wametoka mkoa wa Hubei, mbali kaskazini.

Pale hafundishwi mtu. Mwenye karakana anataka mkono uliokwisha kujua, kwa bei ya leo, kwa kazi ya leo. Fundi huyo alijifunzia wapi? Kwa dada yake, au kwenye kiwanda kingine, kwa vitambaa vya watu wengine vilivyoharibika.

Katika mji huo huo yako makao makuu ya shirika la ndege la China Southern, lile lililoanza kuruka kati ya Guangzhou na Nairobi Agosti 2015. Mwaka 1993 shirika hilo lilianzisha chuo cha urubani huko Australia Magharibi, upande wa Perth. Lilimchukua kijana wa Kichina asiyejua hata kuwasha injini, likamvusha bahari, likamlipia mafuta, ndege, mwalimu na Kiingereza, hadi apate leseni.

Mji mmoja, waajiri wawili. Mmoja hatoi hata senti ya kumwonyesha mtu namna ya kutia zipu, mwingine alimpeleka mtu bara jingine. Tukisema huyu ana roho nzuri na yule ni bahili, tutakuwa hatujasema kitu. Wote wawili wanapiga hesabu, na hesabu yenyewe ina swali moja: nikimfundisha, atabaki?

Mchumi wa Marekani, Gary Becker, aliliandikia swali hili kitabu mwaka 1964, na baadaye akapata Tuzo ya Nobel. Aligawa ujuzi mafungu mawili. Kuna ujuzi ambao mfanyakazi akihama anahama nao na kila mahali unanunulika: kushona, kuendesha gari, kuchomelea, lugha. Na kuna ujuzi unaofaa mahali pamoja tu: mashine ya kiwanda kile, taratibu za ofisi ile. Becker akasema mwajiri hana sababu ya kulipia fungu la kwanza, kwa kuwa jirani yake atakuja kumchukua mtu akiwa tayari ameiva. Gharama hiyo ataibeba mfanyakazi mwenyewe, kwa kukubali malipo madogo wakati anajifunza. Hapa hatuhitaji profesa wa Marekani kutueleza. Nenda gereji yoyote ya Ilala uone yule kijana anayeosha vyuma na kushika tochi, jioni anapewa hela ya chakula na nauli. Ile ndiyo ada anayolipa.

Sasa tuwatazame watu wetu wenyewe walioko kule. Chukua ofisi ya kargo ya Mswahili, mitaa ya Xiaobei, ambako utasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kabla hujamaliza barabara moja. Tajiri tuseme ni Mtanzania, mkongwe wa mji. Ana chumba kimoja cha ofisi na ghala pembezoni. Anamleta kijana, mara nyingi mtoto wa dada yake, au anamchukua aliyemaliza chuo huko huko na Kichina kinamtiririka.

Anamfundisha nini? Kupima, kwanza. Futi kamba inapita urefu, upana na kimo: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, yaani sehemu 12 katika 100 za mita moja ya ujazo. Kontena la futi 40, lile refu, kwa vitabu lina nafasi ya CBM 76, lakini katoni zina pembe na vimo vyake, ukipata 68 umepakia vizuri. Kisha maki: kila katoni iandikwe herufi za mteja kabla haijaingia ghalani, maana katoni isiyo na maki ikifika bandarini Dar es Salaam ina wenyewe watatu, wote wakali. Kisha kukagua: katoni iliyolowa usisaini kuipokea. Betri na manukato usivichanganye na nguo kimyakimya, meli ina masharti yake. Na mwisho, elimu ambayo haiandikwi popote: muuza viatu gani wa Sanyuanli anatanguliza sampuli nzuri halafu mzigo unakuja mwingine.

Baada ya miaka miwili kijana ameiva, na namba za wateja ziko kwenye WeChat yake. Siku moja anasema, "Mjomba, nashukuru sana kwa ulivyonilea. Nataka nikajitegemee." Mjomba atasema nini? Anamtakia heri. Mwezi unaofuata wateja wanapata ujumbe kwamba kuna ofisi mpya ghorofa ya juu, na bei ya CBM imeshuka.

Kwa hiyo matajiri wengi hujihami kwa kuficha. Kijana anafundishwa kupima, hafundishwi bei ya meli. Anapelekwa ghalani, hapelekwi kwa wakala Mchina anayetoa kontena. Nawaelewa kabisa, ila nadhani wanakosea hesabu. Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, huja mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba. Wiki hizo wateja wanashuka kwa pamoja: mmoja yuko hotelini anataka mkalimani, mwingine kiwandani anagombana na laoban, yaani mwenye kiwanda, juu ya rangi, wa tatu kontena lake linafungwa usiku huu. Tajiri aliyeficha ni mmoja, hawezi kugawanyika. Akifiwa nyumbani hawezi kusafiri. Akiugua, ofisi imeugua. Hasara hiyo haionekani kwa sababu hakuna anayemletea ankara yake.

Wako wenye akili nyingine. Kijana akishaiva, wanamwambia: usiondoke, nenda mji wa Yiwu ukafungue tawi, jina ni hili hili, wateja wa huko ni wako, faida tunagawana. Hapo mafunzo yamegeuka mtaji na kijana ana sababu ya kubaki. Sisemi kwamba haishindikani. Undugu ukiingia kwenye hesabu za pesa, kuna siku kikao cha familia kitaitishwa Tanga kujadili kontena lililoko Guangzhou.

China ilitafuta dawa ya jambo hili kwenye sheria. Sheria yake ya Mikataba ya Kazi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2008, ina kifungu cha 22. Kinasema mwajiri akimlipia mfanyakazi mafunzo maalumu ya kitaalamu, wanaweza kuandikiana muda wa utumishi. Mfanyakazi akiondoka kabla ya muda, atalipa fidia, lakini fidia isizidi gharama ya mafunzo, na isizidi sehemu ya gharama inayolingana na muda ambao hakuutumikia. Tuseme kampuni imetoa yuan 30,000 kwa mkataba wa miaka mitatu. Ukitumikia miwili ukaondoka, huwezi kudaiwa zaidi ya 10,000. Halafu serikali inatia mkono wake kwenye kodi: tangu mwaka 2018 kampuni inaweza kutoa gharama za elimu ya wafanyakazi hadi asilimia 8 ya jumla ya mishahara kabla ya kutozwa kodi ya mapato, wakati zamani kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 2.5. Kwa hiyo mkurugenzi anayewapeleka watu wake kozi anajua kamba ya kuwashikilia iko, na gharama yote si yake peke yake.

Ila kamba ikikazwa mno nayo huleta balaa. Rudi kwa marubani. Rubani ni ghali kumwandaa, na kampuni nyingine itamtaka siku ile ile. Mwaka 2005 mamlaka za China zilitoa mwongozo kwamba rubani akihama, fidia iwe kati ya yuan 700,000 na milioni 2.1. Wengine walijikuta na mikataba ya kutumika karibu maisha yote. Basi tarehe 31 Machi 2008, marubani wa tawi la Yunnan la shirika la China Eastern walifanya mgomo wa aina yake. Waliruka kama kawaida, wakafika juu ya mji waliokuwa wakiuendea, kisha wakageuza ndege na kurudi walikotoka bila kutua, wakisingizia hali ya hewa. Safari zaidi ya 10 kwa siku moja. Abiria waliokuwa wamekwisha kufunga mikanda ili washuke walijikuta tena kwenye uwanja walikoagwa. Mtu unayeweza kumzuia asiondoke huwezi kumlazimisha atue.

Mafunzo yana jambo jingine ambalo waajiri hawalitaji hadharani: yanampa mfanyakazi nguvu. Mei 2010, katika kiwanda cha gia za magari ya Honda huko Nanhai, Foshan, mji uliopakana na Guangzhou, wafanyakazi waliweka vifaa chini. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi walioletwa "kujifunza kwa vitendo", jina zuri la mshahara mdogo. Fundi wa Kangle akikataa bei, yupo mwingine nyuma yake. Gia za magari hazitengenezwi na mtu aliyeokotwa asubuhi barabarani, na Honda haikuwa na akiba kubwa ya vipuri. Haukupita muda mrefu, viwanda vyake vya kuunganisha magari nchini China vikasimama, vile vya Guangzhou vikiwemo. Mishahara ikapanda. Kuanzia hapo waajiri wa jimbo la Guangdong walielewa kwamba mtu aliyefundishwa ana bei yake, na bei hiyo haisubiri hisani.

Na kwa kweli hawakuwa na njia nyingine. Tangu mwaka 2004 viwanda vya jimbo hilo vilikuwa vinalalamikia upungufu wa vibarua. Watu wanakwenda kwao kula Mwaka Mpya wa Kichina, likizo inaisha, hawarudi. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaja na sera ambayo Wachina waliiita kuondoa ndege tunduni na kuweka wengine: kazi za mikono mingi na faida ndogo zihame, zije za teknolojia. Baadhi ya ndege waliotoka tunduni waliruka hadi kwetu.

Mmoja ni kampuni ya viatu ya Huajian, ya mji wa Dongguan, jirani na Guangzhou. Agosti 2011 Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, alikuwa Shenzhen, akamkaribisha mwenye kampuni, Zhang Huarong, aje kuwekeza. Mchina huyo hakusubiri kiwanda kijengwe ndipo atafute mafundi. Makumi ya vijana wa Kiethiopia walipelekwa China kujifunza, na Januari 2012 kiwanda cha Dukem, nje ya Addis Ababa, kikaanza kazi. Zhang aliwahi kuwa mwanajeshi, na wageni waliotembelea pale walisimulia juu ya gwaride na nyimbo za asubuhi. Mimi gwaride silipendi kiwandani, na sioni kiatu kinafaidika nini nalo. Lakini tazama alichokinunua kwa tiketi zile: watu wanaojua kiatu kilichokataliwa na mnunuzi wa Marekani kina kosa gani, na wanaoweza kumweleza mwenzao wa Dukem kwa Kiamhari au Kioromo. Msimamizi wa kigeni anaweza kupiga kelele kutwa nzima, hilo hatalifikisha.

Hapo hapo Ethiopia tuna mfano wa upande wa pili. Bustani ya viwanda ya Hawassa, kusini, ilizinduliwa mwaka 2016 kwa ajili ya nguo za kuuza nje. Wasichana waliletwa kutoka vijijini, wakafundishwa cherehani, saa na nidhamu ya kazi. Ripoti ya mwaka 2019 ya kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha New York ilieleza kwamba mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, na kwamba katika mwaka wa kwanza walioacha kazi walikaribia kulingana na idadi ya nafasi zote zilizokuwepo. Yaani kiwanda kilifundisha, kikafundisha tena, kama anayechota maji kwa pakacha. Mkataba wa kuwafunga usingesaidia. Msichana anayelipa chumba na chakula kwa dola 26 habakizi kitu cha kudaiwa fidia. Marekani waliliona hili zamani: mwaka 1913 Henry Ford aliajiri zaidi ya watu 50,000 ili nafasi kama 14,000 zisikae wazi, na Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Magazeti yakamsifu kwa ukarimu. Mhasibu wake alijua kwamba kilichoichosha kampuni ni kuajiri watu upya kila mara.

Sasa turudi nyumbani. Pale Chalinze, mkoa wa Pwani, na Kajiado nchini Kenya, kuna viwanda vya vigae vya Twyford, na nyuma yake ziko kampuni mbili: Sunda ya Guangzhou na Keda ya Foshan. Tanuri la vigae linawaka usiku na mchana, kwa joto linalozidi nyuzi 1,000, na halizimwi kwa kuwa fundi wake amekwenda likizo. Kumleta fundi huyo kutoka Foshan kuna tiketi, kibali cha kazi, nyumba, mpishi, na kila mwaka anataka kwenda kuona watoto. Kijana wa Chalinze aliyejifunza kusoma tanuri analala kwao. Hata usipoutaja uzalendo, hesabu peke yake inamsukuma mwenye mali amfundishe. Na kwa Tanzania sheria nayo inasukuma: Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi, kwamba mgeni huyu nafasi yake itashikwa na raia. Mpango ukiwa karatasi ya kupatia kibali tu, mgeni atakuwa na "msaidizi" anayebeba mkoba miaka mitano. Maofisa wa kazi wakifika kiwandani wasiishie ofisi ya utumishi. Wamwombe huyo msaidizi aendeshe mashine.

Serikali zetu pia zinatoza. Tanzania Bara, mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi wote. Ilikuwa asilimia 6 kabla ya mwaka 2013, ikawa inashuka kidogo kidogo kwa malalamiko ya waajiri. Kenya wao wanachangia mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na aliyefundisha watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Waajiri wa Tanzania wana hoja wanaposema wanalipa tozo halafu wanalipa tena kumfundisha mtu wao, huku sehemu tu ya fedha hiyo ikifika VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Aliyefundisha na asiyefundisha wanatozwa sawasawa. Kwa mpango huo, mjanja ni yule anayesubiri jirani afundishe.

Matokeo yake ni ule ubabe tunaoujua: mwajiri anashika vyeti halisi vya mfanyakazi na kuvifungia kabatini, "mpaka tumalizane". Dereva ananyimwa leseni yake, muuguzi anazungushwa miezi. Huo ni woga wa yule tajiri wa kargo, sasa umevaa tai. Kifungu kama kile cha China kinaandikika kwenye mkataba wa ukurasa mmoja: kozi imegharimu shilingi milioni 3, utumike miaka mitatu, ukiondoka baada ya miwili unadaiwa milioni 1 na vyeti vyako viko mkononi mwako. Nawe kijana unayepelekwa kozi wiki ijayo, iwe Morogoro, Mombasa au Guangzhou, kabla hujafunga begi uliza gharama yake imeandikwa kiasi gani, ukirudi mshahara utakuwa kiasi gani, na karatasi hiyo nakala yake iko wapi.